Maharage ya Mama na Ndege Wanaoondoka

Mwaka wa 2015 mama yangu alifika Louisville mwezi wa saba akiwa na sanduku moja, Biblia mbili na soksi ya mtoto iliyojaa maharage. Karatasi ya uwanja wa ndege ilimuuliza msafiri kama amebeba mbegu za aina yoyote. Mama hasomi Kiingereza, na karatasi haikuwa na mkono wa kupapasa soksi, kwa hiyo waliachana kwa amani.

Ukiyaona maharage yenyewe husimami njiani. Ni madogo, rangi ya maziwa, yana madoa ya zambarau upande mmoja kama yamemwagikiwa wino. Alipewa na mama yake, kwenye milima ya juu ya Kivu ya Kusini, na mama yake alipewa na mama yake, na nyuma ya hapo sikuuliza kwa sababu ningesomewa orodha ndefu kama ile ya kitabu cha Mwanzo. Kwenye kambi ya wakimbizi aliyapanda kila msimu nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha ardhi ambacho mbuzi angekataa kulala. Miaka miwili ya mwisho hakupanda, maana kila mwezi aliambiwa kwamba safari ni mwezi ujao. Safari ilikuwa mwezi ujao kwa miaka miwili kamili. Kwa hiyo mbegu zilipofika Amerika zilikuwa zimezeeka, na mama alijua jambo hilo vizuri kuliko alivyojua anwani yetu ya mtaa wa Newburg. Zisipoingia ardhini mapema zingefia ndani ya soksi, na hakuna duka lolote duniani linaloziuza.

Wiki aliyofika, ndugu walikuja kumpokea. Mama mdogo, yaani mdogo wake wa kuzaliwa naye, alitoka Buffalo na makoti mawili ya kumpa, mwezi wa saba, joto likituyeyusha wote. Kaka yangu mkubwa alitoka Columbus na mke na binti yake. Walipokuwa wanaaga, mama alimpa kila mmoja konzi moja ya maharage, yamefungwa kwenye pembe ya kitenge kilichochanika. Hakusema kitu. Kwetu mwanamke hagawi mbegu kwa hotuba. Anawapa ndugu ili nyumba moja ikipata balaa, nyingine iwe nayo, na anayepokea anajua kazi yake. Mama hakufikiri hata kidogo kwamba mtu anaweza kukaa Amerika miaka kumi akasahau kazi yake.

Wakati huo mimi nilikuwa na kipande cha shamba nje kidogo ya Okolona, ukishapita maghala makubwa. Kanisa moja lilikuwa na ardhi ambayo halikujua liitumie kwa kazi gani, likaigawa kwa sisi tuliotoka mbali, kila familia na mistari yake na kibao chenye namba. Asubuhi nililima, mchana nilikwenda ghalani kufunga maboksi, na katikati ya hayo niliandika kwenye daftari: leo mvua, leo wadudu kwenye maboga, leo nyanya kumi na mbili. Mama aliliona daftari siku ya kwanza. Tangu siku hiyo aliniita sekretere, yaani karani, na hakuwa ananisifu.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya ukame wa siku nyingi, ilinyesha mvua ya baridi, ile ya polepole inayoingia ardhini badala ya kukimbilia mtaroni. Asubuhi yake tulikwenda shambani. Nyenje waliokuwa wakipiga kelele miezi miwili walikuwa wamepunguza sauti. Alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa, na wale ndege wadogo wa manjano wanaozipenda walikuwa wameanza kupauka, kila mmoja na viraka vya rangi ya majani makavu. Kwenye waya wa umeme unaopita juu ya shamba, mbayuwayu walikuwa wamejipanga bega kwa bega kuanzia nguzo hadi nguzo. Nikaandika: mbayuwayu, wengi mno kuwahesabu.

Mama alisimama na jembe lake, akawatazama muda mrefu. Mara ya kwanza tangu afike Amerika, nilimwona ametulia kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

“Unaona?” akasema. “Ile ndege njo inaletaka mvua. Tunapandaka sasa.”

Kwetu ndivyo ilivyo. Mbayuwayu wanatokea mwezi wa tisa pamoja na mvua kubwa, na wanawake wanapanda. Sikuwa na la kubishana kuhusu kwetu. Nilimweleza kwamba hapa ndege hao hawafiki, wanaondoka. Wanakusanyika ili wakimbie baridi, na wakikimbia ndege, maharage yasiyo na mabawa yafanye nini? Nikamwomba asubiri mwezi wa tano. Akaniuliza kama soksi nayo itasubiri. Nikamwomba basi apande nusu tu. Akasema kwa Kifaransa chake kidogo, bon, haya, nusu.

Nilipotoka kumwagilia nyanya nilikuta soksi imelala juu ya kibao cha namba yetu, tupu, imegeuzwa ndani nje.

Mratibu wa shamba, mwanamke wa Kizungu mwenye viatu virefu vya mpira na furaha isiyoisha, alikuja kuona kazi. Kwake kila kitu kilikuwa kizuri sana: magugu yalikuwa mazuri sana, na mbolea ya kuku ilikuwa nzuri kupita kiasi. Alipoambiwa kwamba mama amepanda maharage wiki ile, kwa mara ya kwanza alikosa sifa. Akatuletea chati ya rangi yenye miezi kumi na miwili, akamwonyesha mama kwa kidole mahali ambapo baridi inagandisha umande na kuua mimea laini. Mama aliishika chati kwa mikono miwili, akashukuru, na jioni nikaikuta imefunika sufuria ya wali.

Jirani yetu wa mistari ya pili, mzee wa Kirundi aliyelima kama anafanya mtihani, alitegemea uzio na kututazama.

“Mama, samahani nikuulize,” akasema. “Hapo unapanda au unazika?”

“Uliza nyanya zako, mzee,” mama akajibu bila kuinua kichwa. “Ziko zinaoza na hauna hata matanga.”

Maharage yakaota siku ya saba. Hayakuota yote, maana kwenye kila mashimo matatu moja lilibaki kimya, lakini yaliyoota yalitoka yamenyooka. Mama aliyapitia moja moja akiwa ameinama, mikono mgongoni, kama mwalimu mkuu anayekagua sare. Mimi, kwa kuwa sikuweza kuzuia kilichokwisha kupandwa, nilifanya ninachokiweza. Nilianzisha shirika la habari.

Ukitazama ramani, baridi inateremka kwetu kutoka kaskazini. Inapita Buffalo, inapita Columbus, halafu inafika Louisville kama mgeni asiyekaribishwa ambaye watu wa nyumba mbili wamekwisha kumwona. Basi nikawa nampigia mama mdogo kila Jumapili baada ya ibada, na kaka yangu kila Jumatano, nikiuliza habari za majani. Mama mdogo alikuwa ripota mzuri, isipokuwa hakuweza kutoa habari bila kuongeza malalamiko. Wiki ya pili ya mwezi wa tisa mti wa mbele ya nyumba yao ulikuwa na tawi moja jekundu, tawi moja tu, kama umejaribu rangi kwanza. Wiki ya tatu bata bukini walipita juu ya paa lake kwa makundi wakipiga kelele kuliko kwaya ya kanisa lake, na kwa maoni yake kwa mpangilio mzuri zaidi. Wiki ya nne alishusha blanketi la pili. Kaka yangu wa Columbus, anayekaa karibu na Morse Road, alikuwa mtu wa maneno machache. Habari zake zilikuwa mbili: majani bado, au majani tayari. Siku moja aliongeza kwamba kindi wamechimba sufuria zote za maua za jengo lao kuficha vitu vyao, na kwamba mwenye jengo amewaandikia wapangaji barua. Hatukujua kama na kindi waliandikiwa.

Niliyaandika yote, na kila nilipomsomea mama, alisikiliza akimenya vitunguu.

“Donc mumepatana,” alisema siku moja. “Mutu watatu, munaogopesha maharagi.”

Shambani, habari zilikuwa zilezile bila kupitia simu. Mbayuwayu walitoweka asubuhi moja, wote, na waya ukabaki waya. Niliona mama anautazama mara mbili. Vipepeo wa rangi ya chungwa walipita siku tatu mfululizo wakielekea kusini, kila mmoja peke yake lakini wote njia moja, kama wafanyakazi wanaotoka zamu. Kila asubuhi utando wa buibui ulionekana wazi kwa sababu ya umande, na umande ulikauka kwa kuchelewa zaidi. Chini ya uzio kulikuwa na mnyama mnene wa kahawia ambaye mama alimwita fuko, ingawa fuko wa kwetu hana ukubwa wa mbwa. Alikuwa amekula majira yote ya joto, na sasa alikula kama amesikia kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku. Maboga yetu manne yalikuwa na alama za meno yake. Mratibu akasema anajiandaa kulala hadi machipuko. Mama akauliza ni nani anayemlisha mtu anayelala miezi mitano, halafu akajijibu mwenyewe: sisi.

Mambo hayo yote hayakuyagusa maharage. Yalipanda kwenye miti niliyochomeka, yakatoa maua ya zambarau hafifu mwanzoni mwa mwezi wa kumi, na nyuki wachache waliobaki wakayafanyia kazi kwa uvivu. Mama alianza kuchuma majani machanga, machache tu, akayapika na karanga. Siku hiyo mzee wa Kirundi alipelekewa sahani. Alikula yote, akafuta midomo, akasema kwamba kwa mazishi, chakula kilikuwa kizuri.

Halafu wakaja swala. Hao wa hapa wana mkia mweupe wanaouinua wanapokimbia, ili ujue vizuri ni nani aliyekuibia. Tulifika asubuhi tukakuta nusu ya mistari imekatwa sawasawa kama kwa mkasi, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, maua na vitumba vyote. Alama za kwato zao zilikuwa zimeandikwa kwenye udongo wenye unyevu. Nilitegemea mama alie. Mama alihesabu mimea iliyobaki, akatikisa vumbi kwenye kitenge chake.

“Haina neno,” akasema. “Zingine ziko Buffalo. Zingine ziko Columbus. Pigia mama yako mudogo.”

Nikampigia palepale, tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizofunikwa, simu kwenye sauti ya juu. Mama alimsalimu mdogo wake, akauliza afya, akauliza watoto, akauliza kanisa, akafika mwisho kwenye maharage. Amezihifadhi wapi zile mbegu?

Upande wa Buffalo kiti kilivutwa.

“Dada,” mama mdogo akasema, “zile nilizipika.”

“Ulipika?”

“Siku ileile nilifika. Na kitunguu, na mafuta ya mawese. Dada, nilikula nikalia. Ilikuwa kama niko kwa mama.”

Mama aliangalia simu kama vile ingeweza kurudisha kitu. Sikuandika chochote. Kisha mama alimuuliza mdogo wake kama angalau ziliiva vizuri. Ziliiva vizuri, mama mdogo akasema kwa sauti ndogo. Basi, mama akasema, na akamwambia amsalimie mumewe, na simu ikakatika.

Kaka yangu aliahidi kutafuta. Alipiga kesho yake kabla sijaenda kazini, na kwa mara ya kwanza majira hayo alikuwa na maneno mengi. Mbegu zilikuwa kabatini, kwenye chupa ya asali iliyooshwa. Binti yake wa darasa la pili alikuwa ameambiwa na mwalimu alete kitu cha asili chenye rangi nzuri kwa ajili ya picha ya majira ya kupukutika majani, yale mama anayaita automne. Watoto wengine walipeleka majani. Yeye, kwa kuwa alikuwa na akili, alipeleka maharage yenye madoa ya zambarau. Alichora mti, akabandika maharage yote kwa gundi kwenye matawi, na mwalimu aliupenda mti huo mpaka akautundika kwenye korido ya shule, na ungebaki hapo mpaka sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa kumi na moja, ile ya kula bata mzinga. Kaka alimuuliza binti kwa nini hakuomba ruhusa. Binti akamjibu kwa Kiingereza kwamba yalikuwa maharage tu.

Nikamweleza mama. Akasema kwamba mbegu ya bibi yake imeanza shule kabla yake mwenyewe.

Hivyo mistari yetu iliyoliwa nusu ikawa yote tuliyo nayo. Sikuweza tena kumsomea habari kwa kejeli, kwa sababu zamu hii na mimi nilizihitaji. Mimea kama ishirini ilikuwa nzima. Tukaizungushia nyavu, tukatundika juu yake sahani za bati zinazogongana, na mama akafunga nguo zangu za kazi zenye jasho kwenye miti, akisema swala hawapendi harufu ya ghala. Alikuwa na haki, hata mimi siipendi. Maganda yakaanza kuonekana katikati ya mwezi wa kumi, mafupi, bapa, yamejaa matumaini na hewa.

Jumapili moja mama mdogo alipiga mwenyewe bila kusubiri simu yangu. Gari lake limeamka jeupe, akasema, na maua yake yamelala. Aliongea haraka, kama mtu anayelipa kosa kwa habari. Siku mbili baadaye kaka yangu akatuma neno moja: tayari. Nikaomba ruhusa kazini, na saa kumi alasiri mama na mimi tulifika shambani na matandiko yote ya nyumba. Tulikuwa na mablanketi mawili ya kanisa, shuka nne, makoti mawili ya mama mdogo, na shuka ya pamba yenye picha za magari ya mbio tuliyogawiwa na watu wema walioamini kwamba kila mkimbizi ana miaka sita. Tukafunika mmea kwa mmea, tukakandamiza pembe kwa mawe. Mzee wa Kirundi alikuwa anakusanya miti yake. Alitazama jambo lile, nikasubiri maneno yake. Akavua koti lake, akafunika mmea wa mwisho uliokuwa wazi, akaondoka na fulana yake kwenye upepo bila kusema kitu. Mama alisema baadaye kwamba siku hiyo alijua hali ni mbaya.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe na zilivunjika chini ya kiatu. Alizeti zilikuwa zimekuwa nyeusi, maboga yamekuwa laini, nyanya zimening'inia kama vitambaa vya jikoni. Chini ya matandiko maharage yalikuwa mabichi. Mratibu alikuja, akapiga picha, akasema ni nzuri sana, na kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye. Tulifanya vile kwa wiki mbili, kufunika jioni na kufunua asubuhi, nami nikalala na koti la kazi kwa sababu blanketi langu lilikuwa na kazi nyingine.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja ripota wangu wa Buffalo alitangaza theluji. Chati ya mratibu, ambayo sasa ilikuwa imebandikwa juu ya jiko ikiwa na duara la sufuria, haikuwa na rangi tena baada ya hapo. Mama alipapasa maganda, akasema punje zimejaa lakini bado laini kama jino la mtoto. Hakungoja tena. Aling'oa mimea yote na mizizi na udongo wake, tukaifunga mafungu, tukaitundika kichwa chini sebuleni Newburg, kwenye fimbo ya pazia, juu ya kikanza cha umeme. Alisema mmea ukitolewa na mizizi hujua kwamba unakufa, na mama anayekufa anamaliza maziwa yake kwa watoto. Nilitamani kumwambia kwamba sayansi haisemi hivyo, lakini sikuwa na hakika sayansi inasemaje. Kwa wiki tatu wageni walikaa kwenye kochi letu huku udongo unawadondokea vichwani, na wote walikuwa na adabu.

Maganda yalipokauka tulipata punje tisa zinazofaa, nyingine zilikuwa zimekunjamana kama kidole kilichokaa majini. Tisa. Mama alizifunga kwenye kitambaa na hakuzitazama tena siku ile.

Sikukuu ya bata mzinga kaka yangu alikuja na familia yake kutoka Columbus, na binti alibeba mti wake mwenyewe, umetunguliwa kutoka korido ya shule, una nyota ya dhahabu pembeni. Mama aliupokea kwa heshima. Alimkalisha mjukuu, akamsifia matawi, akamuuliza shina alilichora kwa kitu gani. Wengine walipokuwa wanakula, alikaa jikoni na kisu kidogo, akazibandua mbegu moja moja. Gundi ya watoto ikikauka inatoka kama ngozi ya kitunguu. Punje thelathini na mbili, nne zimepakwa rangi nyekundu. Akachukua mbili, akazilaza ndani ya kitambaa chenye maji, akaziweka karibu na kikanza. Siku ya sita moja ilipasuka, ikatoa mkia mweupe mdogo. Mama aliishika mbele ya pua yangu.

“Andika, sekretere,” akasema. “Na andika ile ndege inarudiaka mwezi gani.”

Mwezi wa nne, nikamwambia. Akasema basi atawangoja chini ya waya, na safari hii atatazama kwanza wanaelekea wapi.

Mti hakuurudisha mtupu. Kabla wageni hawajaondoka alikuwa amenunua mfuko wa maharage mekundu dukani, akabandika kila moja mahali pa lingine, kwa mpangilio uleule, na kaka yangu akaupeleka Columbus. Kabla wiki haijaisha mjukuu alipiga simu kulalamika kwamba majani ya mti wake si yale, yamekuwa mekundu yote. Kaka yangu alitafsiri.

Mama hakuinua macho kwenye vitunguu.

“Mwambie ni automne,” akasema. “Majani inabadilikaka rangi.”